Mitamba Wanne na Neno Bado

Kibosho, 11 Januari 1998

Mwanangu Hilda,

Hujambo huko Morogoro? Sisi tungali hai, ila tumelowa. Mvua hii wanayoiita Elinino imekataa kuondoka, utadhani imeposa hapa. Barabara ya kushuka mjini imekatika, migomba imelala chini, na bati langu upande wa jikoni limeanza kuvuja. Baba yako Filemon alipanda kutoka Shirimatunda Jumapili. Kikohozi kimepungua, kiburi bado.

Mwanangu Tito, binamu yako, yuko palepale Himo, anatengeneza malori ya watu, anakuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Mkewe Winfrida naye hajambo, tunakaa vizuri, ni binti asiyesubiri kutumwa. Ila bado. Unanielewa. Mwaka wa nne huu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu mwenyewe, maana maneno haya siwezi kumpa Violet wa jirani aniandikie, yule ni mtoto wa kwaya. Mradi wa parokia ulinipa mitamba wanne wa nguruwe, wale weupe. Ni wadogo, wana miezi minne au zaidi kidogo. Basi tangu Noeli wamevimba huko nyuma, wekundu kama pilipili, na chuchu zimejaa kama za jike anayetaka kuzaa kesho. Yesu Maria, watoto wale! Nikasema labda mbegu ya kizungu hukomaa upesi, nikamwita Ebenezeri alete dume lake. Dume likapanda, likashuka, likapanda tena. Hakuna kitu. Na uvimbe hautoki. Jike wa kawaida hupata joto siku mbili tatu, akatulia. Hawa wana joto la kila siku, kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Shemeji yangu Sirili, mdogo wa marehemu, alikuja kuwatazama. Alisimama mlangoni mwa banda, akauliza nani anawalisha. Nikamwambia Winfrida. Akaguna tu, akaenda zake. Mguno ule sikuupenda.

Wewe ndiye uliyekwenda kusomea wanyama. Je, kuna sindano? Nijibu haraka, na uandike kwa Kiswahili cha nyumbani, si kile cha vitabu.

Mimi shangazi yako mwenye matope hadi magotini,
Lukresia


Morogoro, 9 Februari 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa sana, nadhani nayo ilikwama kwenye matope. Nimefurahi kusikia kikohozi cha baba kimepungua. Hilo lingine nililijua. Mwambie nakuja likizo barabara zikipitika. Mpe Tito salamu zangu, na Winfrida umwambie sijasahau kitenge alichonipa.

Mimi ni mzima, ninanuka tu. Huwezi kuamini shangazi, lakini hilo uliloniandikia ndilo ninalolisomea mwaka huu. Naenda kwa wachinjaji asubuhi, nanunua mifuko ya uzazi ya nguruwe, naipima kwenye mizani, nakata vipande vyembamba na kuviangalia kwa hadubini. Wenzangu bwenini wakiniona nakuja mezani wanahama. Kwa hiyo ulipoandika "wekundu kama pilipili" nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, maana si jambo dogo.

Nieleze nilivyoelewa. Mtamba mdogo ana mfuko mwembamba, pembe zake mbili hazizidi unene wa kidole changu. Mayai yake yamelala. Akifika miezi sita au saba, kule kwenye mayai kunatoka kitu kinachoitwa homoni. Nimetafuta neno la nyumbani nikalikosa. Fikiria ni barua inayotembea ndani ya damu. Damu inaifikisha kila mahali, mpaka masikioni na kwenye kwato, lakini wanaoisoma ni wachache: mfuko wa uzazi, chuchu, na ile sehemu unayoona haya kuitaja. Wakiisoma, nyama zake zinavuta maji, mishipa inapanuka, zinaongezeka na kunenepa. Hilo ndilo joto. Baada ya siku chache inakuja homoni ya pili, inayosema: basi, tulieni, tandikeni kitanda cha mtoto.

Mitamba wako wanasoma barua ya kwanza kila siku, na ya pili haiji. Tena umri wao haujafika, kwa hiyo si mayai yao yanayoiandika. Inatoka nje. Shangazi, wanakula nini? Kuna ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu, mara nyingi una rangi ya waridi, nao hutengeneza kitu kinachofanana na homoni ile kiasi kwamba mwili wa nguruwe hautambui tofauti. Hauna macho, unatazama muhuri tu. Angalia mahindi yako vizuri. Ukiona rangi hiyo, usiwape tena, na uniandikie.

Sindano hakuna. Ukimchoma, unamwongezea barua nyingine.

Jambo moja la mwisho, nalo ni desturi tu. Kundi lisiposhika mimba, hapa tunafundishwa kuanza kuuliza habari za dume kabla ya jike. Je, dume hilo limewahi kuzalisha? Kuna wakati liliugua? Wengi wanakimbilia jike kwa sababu yeye ndiye anayeonekana.

Mimi mwanao, wa mifuko na mizani,
Hilda


Kibosho, 20 Aprili 1998

Hilda,

Tumesherehekea Pasaka. Padri alihubiri mpaka ndizi zikaungua nyumbani kwangu. Baba yako amenunua redio mpya na sasa anajua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Mvua imepungua, halafu ikakumbuka kwamba huu ndio msimu wake, ikarudi.

Mahindi ni kama ulivyosema. Ni ya shamba letu la chini, niliyaweka darini, na bati likavujia humohumo. Nilipochambua magunzi nikakuta rangi ya waridi, nzuri hata ungeshona nayo gauni. Sisi tulikuwa tunachagua mazima tunasaga yetu, yale mabaya tunampa Winfrida awapelekee nguruwe. Ungefanyaje? Chakula hakitupwi. Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa anaokota punje moja moja chini ya kinu.

Basi sikuyatupa. Niliyaosha kwa maji ya moto, nikayatandaza kwenye uchaga juu ya mafiga, yakapigwa moshi wiki mbili. Moshi unaua kila kitu, hata wewe ulipokuwa mtoto ulikuwa unatoka jikoni kwangu unapiga chafya. Yakakauka, yakarudi meupe, hayana harufu. Nikawapa. Lakini mitamba wako vilevile, na mmoja sasa kinyama kimeanza kumtokeza nyuma. Sasa niambie ni ukungu gani huo usiokufa kwa moshi.

Kuhusu dume. Dume ni la Ebenezeri, na watoto wake wamejaa kuanzia hapa mpaka Umbwe, wana masikio yaleyale. Dume ni zima. Na kama ulikuwa unauliza habari za dume jingine, mimi sikukutuma. Nilikuandikia kuhusu nguruwe.

Winfrida amekwenda kwao Sanya Juu kupumzika. Nawalisha mwenyewe, na mgongo wangu unajua.

Shangazi yako,
Lukresia


Morogoro, 25 Mei 1998

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Huku ni salama, nimemaliza mitihani, sasa nimebaki na utafiti tu. Joto la Morogoro unalijua. Naota mgomba na umande wa kwenu.

Nianze na nguruwe, kisha uniruhusu.

Moshi umeua ukungu, umefanya kazi yake. Lakini kile kitu ukungu ulichokwisha kukiacha ndani ya punje hakifi kwa moshi wala kwa maji ya moto. Punje ni nyeupe nje, ndani ni ileile. Tafadhali usione uchungu, fukia mahindi yote. Kuku wasipewe, na wewe usile hata yale uliyochagua. Wape mitamba maganda ya ndizi, majani ya viazi, machicha ya pombe ya mbege yaliyo mapya, na pumba ya mahindi makavu kutoka kwa mtu unayemwamini. Mfuko wa uzazi unapungua kama ulivyokua. Nimeiona kwa mizani, barua ikikatika nyama zinarudi chini zenyewe, baada ya wiki kadhaa. Nina wasiwasi na huyo aliyetokeza nyama. Huyo labda hatarudi sawa.

Sasa shangazi, lile la pili. Nakuapia, nilipouliza habari za dume nilikuwa nawaza nguruwe. Sikuwa na jingine moyoni. Ni jibu lako lililonikumbusha.

Baba ameniandikia. Amesema Winfrida hakwenda kupumzika. Amesema kwenye mbege ya Pasaka, mbele ya ukoo mzima, mzee Sirili alisimama akasema mkono wa Winfrida unafunga, kwamba hata nguruwe akiwalisha hawazai, na kwamba ni heri arudi kwao kabla hajafika kwenye migomba. Amesema ulikuwepo, na Tito alikuwepo, na Winfrida alikuwa anawamiminia.

Nakumbuka mwaka Tito alipopata matubwitubwi. Tulikuwa tunakaribia kumaliza darasa la saba, naye alishavunja sauti, alishakuwa kijana. Nilileta uji ukanizuia mlangoni. Mashavu yalishapona, lakini alikuwa hawezi kutembea, na uliniambia ameumia mguu. Shangazi, haukuwa mguu. Mimi si daktari wa watu. Lakini hata wanafunzi wa mifugo wanajua kwamba ugonjwa ule ukimshika kijana wa umri ule huweza kushuka chini, na wengine hupona bila kubaki na kitu, na wengine huachiwa kovu wasilolijua mpaka wameoa. Hospitali wanampima na mwanamume. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Wala siusingizii ukungu, maana Winfrida alikuwa hana mtoto hata kabla ya mvua hii. Nasema tu kwamba alipovimba mtamba tulimtazama mtamba, na shida ilikuwa darini. Winfrida hajulikani ana shida gani, kama anayo. Hakuna aliyetazama kwingine.

Nipige nikija. Lakini nijibu.

Mwanao,
Hilda


Morogoro, 8 Agosti 1998

Shangazi, shikamoo.

Sijapata neno lako tangu Mei. Nilikwenda posta mpaka yule dada wa dirishani akaanza kunionea huruma. Kama umenikasirikia, una haki. Sitaandika tena juu ya lile.

Wanaendeleaje nguruwe?

Hilda


Kibosho, 3 Septemba 1998

Hilda,

Barua yako ya Mei ilifika. Nimeisoma.

Tuko kwenye kuchuma kahawa. Bei sasa anapanga kila anayekuja na gari dogo na mizani yake, mmoja asubuhi, mwingine jioni, kila mtu anamwita mwenzake mwizi. Mahindi mapya yameingia, makavu. Ya zamani niliyafukia, na niliona uchungu sana, nilifukia kama nazika mtu.

Mitamba wamepungua. Watatu wamerudi wakawa wasichana wa kawaida. Chuchu zimenywea, huko nyuma kumekauka na kupauka, mpaka nikaogopa kwamba sasa wamekufa kabisa upande ule. Wiki iliyopita mmoja akavimba tena, kidogo, akawa hali, akipandisha masikio kila akisikia hatua. Siku ya tatu akatulia. Nilifurahi, nikapiga kigelegele bandani peke yangu, Ebenezeri akauliza juu ya ua kama nimepata mgeni. Je, hiyo ndiyo ya kweli? Nilete dume lini? Yule wa nne hana kitu, hapandi wala hashuki.

Tito alikuja Jumapili. Amekonda. Hasemi habari za mkewe na mimi simwulizi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ijumaa, nimeyapanga vizuri kama vikombe. Akakaa, akanitazama. Nikampa mbege.

Shangazi yako


Morogoro, 28 Septemba 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo! Nilisoma barua yako nimesimama barabarani. Asante kwa kunijibu. Nilishaanza kujiona mtu asiye na nyumbani.

Ndiyo, hiyo ndiyo ya kweli. Imekuja na imekwenda, maana yake homoni ya pili imefika. Sasa ni mayai yake mwenyewe yanayoandika. Atapata tena baada ya wiki tatu hivi. Ukimwona amesimama tuli unapomkandamiza mgongo, hasogei, hapigi kelele, hiyo ndiyo siku ya kumwita Ebenezeri. Wenzake watamfuata. Yule wa nne msubiri kidogo, lakini usitegemee sana. Wengine mfuko ukishapanuka sana unabaki umelegea.

Nilisema sitaandika tena juu ya lile, na sitaandika. Nitaandika juu yangu.

Nimefika miaka thelathini na moja. Kila nikija huko, kuanzia kituo cha basi mpaka mlangoni kwa baba, naulizwa: vipi, bado? Wanauliza kwa upendo, najua. Nami nacheka nasema bado. Nikirudi huku nalia siku mbili. Nimekaa kulitafakari hilo neno, shangazi. Ukisema bado, umekubali kwamba kitu kinakuja na wewe ndiye unayekichelewesha. Mwenye bado ana deni kila siku. Hakuna anayemwuliza mwanamume hivyo. Tito ameoa miaka minne, umewahi kusikia mtu akimwuliza Tito: vipi, bado?

Mwulize Winfrida amelijibu mara ngapi.

Nakubusu mikono,
Hilda


Kibosho, 29 Desemba 1998

Hilda mwanangu,

Kwanza nikugombeze. Noeli yote Kibosho imejaa magari kutoka Dar na Arusha, watoto wa watu wamekuja mpaka wengine hawajui njia ya kwa bibi yao, na wewe uko Morogoro na mifuko yako. Baba yako alikaa na redio. Nimekuwekea mguu wa nyuma umekaushwa kwa moshi, na huo moshi hauna kosa.

Sasa kaa chini.

Nilimwambia Tito mwezi wa kumi. Alikuwa anapigilia ubao wa banda uliokuwa umeoza. Nikaanza na nguruwe, maana nguruwe ni rahisi. Nikamweleza habari ya barua inayotembea kwenye damu, na ukungu, na jinsi tulivyomlaumu aliyevimba. Anasikiliza, anapigilia. Akauliza, "Mama, unasema nini?" Nikasema, "Nasema matubwitubwi." Hakugeuka. Aliendelea kuupiga msumari uleule mpaka ukazama kwenye ubao, halafu akaweka nyundo chini, akaenda Himo bila kula.

Hakuja Jumamosi ile wala iliyofuata. Nilidhani nimempoteza mtoto kwa mdomo wangu. Alipokuja alikuwa ametoka hospitali, amepimwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikataa kuamini. Akaniambia, "Mama, ni kweli. Hakuna." Basi. Akakaa kwenye kigoda chake cha utoto, yule mwanamume mzima.

Nililia, Hilda. Usidhani nililia kwa ajili ya wajukuu, hao nimewalilia zamani. Nililia kwa sababu binti wa watu amekula maneno yetu miaka minne, na mimi ndiye niliyekuwa nampakulia.

Asubuhi yake Tito mwenyewe alikwenda mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, akakata jani la isale. Hata sikumwambia. Umezaliwa huku, unajua mtu akiletewa isale na mkosaji hawezi kulikataa, lazima amsikilize na mwisho wake asamehe. Tukapanda gari mpaka Sanya Juu. Baba yake Winfrida, mzee Anaeli, ni Mlutheri wa zamani, mtu wa maneno machache. Alituacha uani jua likituchoma, akawa analisha ng'ombe wake mmoja mmoja kana kwamba sisi ni miti. Tito hakukaa. Alisimama na jani lake mkononi mpaka likaanza kunyauka.

Winfrida alipotoka, Tito akampa isale, akamwambia yote, palepale, baba mkwe akisikia. Sikuwa na kazi ya kusema. Binti akalishika lile jani muda mrefu. Akasema, "Nimekusamehe. Hili jani limenilazimisha, nimesamehe. Lakini kurudi ni jambo jingine." Akasema, "Nilisemwa mbele ya watu. Nitasemewa mbele ya watu. Siku ambayo wote wapo."

Nikajua anataka Noeli. Akarudi kwetu siku moja kabla, na begi lake hakulifungua, aliliacha mlangoni.

Yule mtamba wa nne, asiyeshika, Sirili alisema ndiye achinjwe. Najua wewe utaanza kuniandikia mambo. Usianze. Nguruwe ni nguruwe na mtu ni mtu, na kosa letu lilikuwa kuwachanganya. Tulimchinja, tukamla, alikuwa mtamu. Sirili mwenyewe ndiye aliyempasua, na mfuko wake wa uzazi aliuinua juu tuuone: mnene, umelegea, mkubwa kama wa jike aliyezaa mara kadhaa, na hajawahi kuzaa. Nikawaambia ni mahindi yangu yaliyofanya vile, mahindi niliyotoa mimi kwa mkono wangu darini, na Winfrida alibeba ndoo tu. Wakatazamana. Wengine walidhani ni mbege inayosema. Nikawaonyesha barua zako, nikawasomea ile ya ukungu. Eliona, mke wa Sirili, akasema kumbe yeye naye anayo ya rangi ile, akaondoka akaenda kuangalia dari yake na sahani mkononi.

Nyama ikaiva, tukakaa. Winfrida akaleta kata ya mbege kwa Sirili, kama desturi. Na Sirili, sijui ni uzee, sijui ni mdomo umezoea njia, akaipokea, akashukuru, akasema kwa upole kabisa, "Aika, mama. Haya, vipi? Bado?"

Hilda, uani palikuwa na watu wangapi sijui, na hakuna aliyetafuna.

Tito akaweka nyama chini. Akafuta mikono. Akasema, "Baba mdogo, si bado. Ni hapana. Na ni mimi."

Sirili akafungua mdomo. Tito akasema tena, polepole, kama anamfundisha mtoto, "Nimepimwa. Ni mimi. Mke wangu hana kitu. Mlimsema hapahapa, leo mwambieni hapahapa."

Nilidhani Sirili ataondoka. Alikaa na ile kata, akaitazama, halafu akamrudishia Winfrida, akamwambia aanze yeye kunywa. Mzee wa ukoo akampa mwanamke anywe mbele yake! Winfrida akanywa, hakuharakisha, akamrudishia. Basi wakaanza kutafuna tena, na mtu akaomba chumvi.

Usiku ule nilimwuliza kama anakaa. Nikamwambia ni kijana, akitaka kwenda atafute maisha mengine, mimi mwenyewe nitamfungia mzigo na sitasema neno. Akanijibu, "Mama, niliolewa na Tito. Sikuolewa na watoto wa Tito." Asubuhi nikakuta begi halipo mlangoni.

Neno lile nimelipiga marufuku kwenye kihamba hiki. Anayetaka kuuliza kama ugali umeiva, aje afunue sufuria. Na wewe ukija, mtu akikuuliza kituoni, mwambie hapana, upite. Akikufuata, mlete kwangu.

Mitamba watatu wameshika. Wa kwanza atazaa mwisho wa Januari kwa hesabu yako, na safari hii chuchu zimejaa kwa haki. Winfrida ameanza kumwandalia majani makavu. Ana swali, ameniambia nikuandikie, kwa hiyo nijibu upesi barua isije ikakwama. Anauliza: mtamba akizaa mara ya kwanza, aachwe peke yake, au awepo mtu wa kuwapokea watoto? Kwa sababu kama ni kuwepo mtu, anasema ni yeye. Hataki mkono mwingine uguse.

Aika sana, mwanangu.

Shangazi yako,
Lukresia